Mutu wa Kunijibia

Watu wa Wamaza wanasema miye ni mama mubaya. Waseme, midomo ni yao. Lakini wanaanzia habari kwenye mwisho, siku ile ya Emmanuella, kama vile niliamuka tu asubuhi moja nikakuta roho yangu imeoza. Aka! Habari ilianzia Kasongo, chuoni, mbele ya meza ya Kamaldine. Mwenye kutaka kunihukumu akae chini kwanza asikilize.

Jina langu ni Feza Louise. Miaka kumi na saba nilizalisha wamama kwenye sante, kituo cha afya cha kijiji chetu cha Wamaza, bila diploma yoyote. Nusu ya watoto munaowaona wakikimbizana pale soko, ni mimi niliwapokea. Kisha wakubwa wa afya wakatangaza kwamba asiye na diploma hatagusa muzazi tena. Wakanipa miaka mitatu nitafute yangu. Miaka mitatu ikipita bila diploma, kazi inapewa mwingine, na kwa Wamaza yote hakuna kazi nyingine ninayoijua.

Bwana yangu alikuwa amekufa zamani. Nikaachia nyumba na shamba la mupunga mutoto wangu wa pekee, Hervé, kijana wa miaka ishirini na mbili aliyekuwa akibeba watu kwa piki-piki. Nikapanda nyuma ya hiyo piki-piki, nikaenda Kasongo, chuo cha afya, kukaa benchi moja na wasichana ambao ningeweza kuwazaa. Nilikuwa na miaka arobaini.

Masomo hayakunishinda. Kilichonishinda ni ile prezansi.

Kila asubuhi saa moja na nusu walipiga ringi ya gari iliyoning'inia mbele ya ofisi, mulango wa uwanja ukafungwa, na aparitère akatoka na orodha ya majina. Aparitère ndiye huyo Kamaldine, mutu wa kushika fomu za wanafunzi na kuhesabu nani yuko na nani hayuko. Kijana wa mujini, wa familia ya zamani ya Kasongo, shati limepigwa pasi, sauti ya chini kabisa. Sijawahi kumuona na hasira. Afadhali angepiga kelele, tungejua tunapambana na mutu. Yeye alikuangalia tu, kalamu mukononi, akauliza: "Ulikuwa wapi?"

Ujibu homa, ujibu mvua, ujibu mutoto amelazwa, neno lilikuwa moja: "Mulete responsable wako."

Responsable ni mutu wa kukujibia. Kwa watoto waliotoka shuleni juzi ni baba yao. Kwa wanawake wenye ndoa ni bwana. Siku uliyojiandikisha, jina lake liliandikwa kwenye fomu, na ukikosa siku moja huingii tena darasani mpaka mutu huyo asimame mbele ya meza, aseme maneno, asaini. Ukirudi na siku tatu zikapita bila saini, ya ine hufanyi mitihani ya mwisho. Sheria ni hiyo kwa wote, alisema Kamaldine, na alisema hivyo kama mutu anayegawa zawadi.

Tulikuwa na mwenzetu mumoja, Asani, mukulima wa Lusangi, kichwa kimejaa mvi, watoto watano. Alikosa siku moja juu ya malaria. Kamaldine akamuambia asubiri responsable wake uwanjani, kwa magoti. Na Asani akapiga magoti! Mutu muzima, suruali ya pasi kwenye udongo mwekundu, toka asubuhi mpaka saa nane, wakati kaka yake mukubwa alipofika kutoka Lusangi. Kaka akamutukana mbele yetu wote, mujinga weye, unatuletea haya, kisha akasaini. Wasichana wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nami nilicheka. Nililiona jambo la kuchekesha sana, mvi zile na yale magoti.

Mimi nilijiona mujanja. Kwenye fomu yangu, pale pa responsable, niliandika jina langu mwenyewe: Feza Louise. Karani aliyepokea fomu hakusoma. Miaka miwili na nusu nilipita hivyo, sikukosa hata siku moja. Nilifika na homa, nilifika na jino limevimba, siku moja nilifika na kiatu kimoja. Nilikuwa nikimuita Kamaldine "Bwana Ulikuwa-Wapi", na wasichana walipenda sana hilo jina. Najua lilimufikia.

Kisha mama yangu akafa.

Nilikwenda Wamaza kumuzika. Siku ine: moja ya kwenda kwa matope, mbili za kilio, moja ya kurudi. Nilirudi na barua ya mukubwa wa kijiji, na muhuri wake. Kamaldine aliisoma yote, pole pole, akaikunja vizuri na kunirudishia.

"Pole kwa musiba," alisema. "Muhuri sikatai. Lakini nani anakujibia?"

"Ninajijibia. Soma fomu."

Akavuta fomu yangu, akasoma. Kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

"Feza Louise anamujibia Feza Louise." Akawaita makarani waje waone. "Na Feza Louise akikosa, nani atamuleta Feza Louise?"

"Kamaldine, miye niko na miaka arobaini na mbili. Nilizaa. Nilizika bwana, juzi nimezika mama. Niko na nani wa kunishika mukono?"

"Mama yako hawezi kusaini, hiyo ninaelewa," alisema na ile sauti yake ya chini. "Baba?"

"Alikufa."

"Kaka?"

"Sina."

"Muna mwanaume yeyote kwenye nyumba yenu?"

Sasa musikilize ujinga wangu, juu hapa hakuna aliyenisukuma. Ningeweza kwenda kwa shemeji, muzee wa watu, mupole, angesaini na kwenda zake kulala. Lakini hasira ilinijaa mpaka kwenye masikio, na nikiwa na hasira ninapenda kuchekesha watu. Nilijisemea: wanataka mwanaume? Nitawaletea yule niliyemusafisha matako. Kasongo yote itacheka, na Kamaldine atajua amefanya mambo ya bure.

Nikamupigia Hervé simu. Akaja na piki-piki, na miwani ya jua, na jaketi. Tulipoingia ofisini nilisema kwa sauti, ili wasichana kwenye dirisha wasikie: "Huyu hapa baba yangu! Nilimuzaa mwenyewe!"

Wasichana walikufa kwa kicheko. Kamaldine hakucheka. Alisimama. Alimupa Hervé kiti, mutoto wangu, na mimi nikaachwa nimesimama. Akamuita "Papa responsable". Akamusomea sheria moja moja, taratibu, kama kwa mutu mwenye heshima: responsable anapashwa habari ya kila kukosa, responsable anapokea matokeo, responsable ndiye anaomba ruhusa, responsable ndiye anatia mwanafunzi na kumutoa. Nilimuona Hervé akivua miwani. Akaweka mikono juu ya magoti. Tangu alipozaliwa hakuna mutu wa ofisi aliyewahi kumupa kiti.

Akasaini. Jina langu likapigwa msitari, lake likaandikwa juu. Alisaini vizuri, mukono wa nguvu. Ni mimi nilimufundisha kushika kalamu.

Wiki mbili tu, simu ikalia. "Mama, ulikuwa wapi jana?"

Nilidhani anatania. "Jana lini?"

"Saa ine. Aparitère amenipigia. Anasema hukuwa darasani."

"Nilikuwa hospitali ya mazoezi. Muzazi alikuwa anavuja damu, mwalimu mwenyewe alinibakisha. Hervé, unaniuliza mimi?"

"Ninauliza tu, mama. Aparitère akinipigia niko na haki ya kujua."

Haki! Neno lilikuwa jipya mudomoni mwake, alilitafuna kama mutu aliyeonja nyama ya kwanza. Kutoka hapo Kamaldine hakuacha. Nikichelewa, simu kwa Hervé. Nikijibu vibaya, simu kwa Hervé. Nikimuita Bwana Ulikuwa-Wapi, simu kwa Hervé. Na kila simu, mutoto wangu aliniuliza lile neno, na kila mara sauti yake ilishuka kidogo, mpaka siku moja nilishindwa kujua kati ya wawili hao nani yuko kwenye simu. Nilikasirika, nilitukana, nilikata simu. Kisha nilijibu. Juu mitihani ilikuwa karibu, na saini ilikuwa yake.

Wiki za mwisho aliongeza mengine. Muke wake, Emmanuella, ni muzito, anavimba miguu. Mupunga umeiva, ndege wanaumaliza. Watu wa Wamaza wanamuuliza mama yako anatafuta nini Kasongo na umri ule. Nikamuambia: siku kumi na tano tu, Hervé. Nimalize, nipate diploma, nirudi kazini, nitamuzalisha Emmanuella kwa mikono yangu mwenyewe. Akasema ah bon, yaani kumbe. Neno moja tu: ah bon.

Asubuhi ya mitihani nilivaa ile blauzi nyeupe, nilikuwa nimeiosha mara mbili. Orodha ilibandikwa kwenye mulango. Niliisoma kutoka juu mpaka chini, kisha kutoka chini mpaka juu. Asani alikuwemo. Mimi sikuwemo.

Kamaldine alikuwa ananingoja. Barua ilikuwa tayari juu ya meza, imegeuzwa upande wangu ili nisome bila taabu. *Mimi Hervé, responsable wa mwanafunzi Feza Louise, ninaomba chuo kimutoe masomoni kwa sababu za familia.* Tarehe, saini, na muhuri wa kupokelewa.

"Alikuja lini?"

"Juma tano. Kijana wa adabu sana. Tulikunywa chai."

"Kamaldine, ni mutoto wangu! Miye nilimuzaa, unaelewa? Nilimuzaa!"

"Hiyo haiko kwenye fomu," alisema. "Kwenye fomu ni responsable."

Nilikimbia kwa mukubwa wa chuo. Nilipiga magoti bila kuombwa. Nilipiga magoti haraka kuliko Asani. Mukubwa aliangalia saa, akasema kwa huzuni kabisa kwamba haya ni mambo ya familia, na chuo hakiingiliani na familia za watu. Kule nje ringi ya gari ikalia. Mitihani imeanza. Kupitia dirisha niliona mvi za Asani zimeinama juu ya karatasi, na siyo siri, nilimuchukia.

Nilirudi Wamaza. Hervé alinipokea na kuku. Kuku! Akasema, mama, usikasirike, ni mwaka mumoja tu, utarudi mwaka ujao. Nikamuambia hakuna mwaka ujao, miaka yangu mitatu imekwisha. Akasema atanisemea kwa watu wa afya. Hakunisemea popote. Mwezi uliofuata zoni ya afya ikatuma Estelle, msichana wa miaka ishirini na tatu, na diploma ndani ya plastiki. Kazi yangu ikawa yake. Mimi nikaruhusiwa kufagia ukumbi. Wamama wakifika na uchungu waliniangalia, na Estelle alisema, kwa heshima: "Mama Hervé, unisamehe, toka nje kwanza." Nilitoka. Nilisimama ukutani na fagio, nikasikiliza makosa yake kupitia dirisha. Baada ya wiki moja niliacha hata kufagia.

Na Hervé sikumuambia neno. Nilimupikia, nilimufulia. Alidhani yameisha. Emmanuella ndiye aliyejua. Binti yule alikuwa mupole mpaka unamuonea huruma. Usiku alikuja kunisugua miguu na miguu yake mwenyewe imevimba. Siku moja aliniambia, akiangalia chini: "Mama, nilimukataza. Sikuwa na nguvu ya kumushinda." Kisha akashika mukono wangu na kuuweka juu ya tumbo lake. "Utanizalisha weye. Huyo Estelle, miye ninamuogopa."

Nikamuambia nitakuwepo. Hivyo ndivyo nilimuambia, kwa kinywa changu.

Siku ilipofika, uchungu ulimuanza asubuhi, na Hervé akamupeleka sante bila kunipitia. Nilikuwa nimekwenda kuchuma majani ya muhogo. Nilirudi, nikasikia habari kwa majirani, na nikasema moyoni: wakinihitaji wanajua nyumba. Nikaweka majani kwenye kinu, nikaanza kutwanga sombe.

Saa sita Hervé akaja mbio. Bila piki-piki, bila kiatu kimoja.

"Mama, kuja! Mutoto anakataa kutoka. Estelle analia. Estelle mwenyewe ndiye anasema tukuite!"

Hapo nasema mbele ya Mungu: muzalishaji yeyote, hata akiamushwa usingizini, swali lake la kwanza ni moja. Kichwa ao miguu? Kama ni kichwa, kuna muda. Kama ni miguu, unatupa kila kitu na kukimbia. Miaka kumi na saba niliuliza hivyo kabla ya kufunga kitenge. Siku ile nilimuangalia mutoto wangu, jasho linamutoka, na nikaona kiti cha Kamaldine, na miwani, na chai. Nikauliza kitu kingine.

"Uko na barua?"

"Barua gani?"

"Ya ruhusa. Miye ni mutu aliyetolewa masomoni. Siwezi kuingia pahali pa kazi bila responsable wangu kuandika."

"Mama, acha mchezo!"

"Andika. *Mimi Hervé, responsable wa Feza Louise, ninamuruhusu.* Tarehe na saini."

Alinitazama, akaona sichezi. Akaingia nyumbani kutafuta kalamu, akapindua kila kitu, akapata moja, ilikuwa imekauka. Akakimbia mpaka shule kuomba nyingine. Mimi nikatwanga. Nilitwanga vizuri, polepole, sombe ikawa laini kabisa. Nilikuwa na furaha, sitawadanganya. Tangu ile asubuhi ya mitihani sikuwa nimepata furaha namna ile. Akarudi, akaandika juu ya goti lake, machozi yakiangukia karatasi. Nikamuambia asome kwa sauti. Akasoma. Nikamuambia ameacha tarehe. Akaweka tarehe.

Ndipo nilipofunga kitenge na kunawa mikono. Tukiwa njiani, karibu na soko, akasema katikati ya kilio: "Na ile miguu imetoka zamani, mama, miguu imekuwa bluu."

Nilikimbia. Eh, Mungu wangu, nilikimbia! Nilipoingia, Estelle alikuwa amevuta, kama wanavyovuta wote wasiojua. Mikono ya mutoto ilikuwa imepanda juu ya kichwa, na kichwa kimefungwa. Nilimusukuma Estelle. Nilifanya kile ninachojua, shusha mukono mumoja, shusha wa pili, inua mwili, na kichwa kikatoka papo hapo. Papo hapo, munasikia? Haikuchukua hata muda wa kusoma ile barua. Alikuwa msichana, muzito, nywele nyingi. Nilimupulizia, nilimusugua, nilimupiga nyayo. Nilimuita kwa jina la mama yangu. Wapi! Alikuwa amekwisha kwenda.

Hervé alikaa chini nje, karibu na ukuta, pale nilipokuwa nikisimama na fagio. Wote wawili tunajua, hatujasema mpaka leo. Watu wanasema Estelle alivuta. Wengine wanasema ni mimi, juu waliniona natwanga. Wote hawakosei.

Nilimufunga mutoto kwenye kitenge changu, kisha nikageuka kwa Emmanuella. Damu ilikuwa imesimama, atapona. Hakulia. Alikuwa akinitafuta kwa macho, akanishika mukono uleule, akauliza kwa sauti ya chini, bila ukali wowote:

"Mama, ulikuwa wapi?"

Kamaldine nilikuwa ninamujibu. Hervé nilikuwa ninamujibu, hata kwa matusi. Kila mara nilikuwa na sababu, na muhuri juu yake. Ile barua ilikuwa ndani ya blauzi yangu, na tarehe, na saini ya mukono wa nguvu.

"Nilikuwa nyumbani," nikamuambia. "Nilikuwa natwanga sombe."